Finjani ya Mwenye Nyumba

Khalaf Mutlaq hakuutafuta muhuri wa kijiji. Siku watu wa Tal Ghazal walipokutana kumchagua mukhtari mpya, yaani mkuu wa kijiji, yeye alikuwa zizini, mkono umezama hadi kiwiko ndani ya kondoo aliyeshindwa kuzaa. Alipotoka, kanzu yote damu, akakuta wanaume watatu wamesimama mlangoni na kisanduku cha bati. Wakamwambia hongera, wakamkabidhi, wakaondoka bila hata kuomba chai. Watu wenye akili wakikutana kugawana balaa, humchagua asiyekuwepo.

Ndani ya kisanduku mlikuwa na muhuri wa mpira na sponji ya wino, na ubavuni pana tundu la risasi. Mukhtari wa kwanza baada ya vita, wapiganaji wa Daesh, waliokishika kijiji wakati wa vita, walimtoa kwenye sinia la chakula wakamwulia mlangoni pake. Wa pili walimngoja kwenye pampu ya maji, mtoni. Daesh walikuwa wameshindwa, redioni walishindwa kila Ijumaa, lakini waliobaki walikaa kwenye mapango ya mlima Qarachogh na katika matete ya visiwa vya mto, na kila walipotaka kukikumbusha kijiji kwamba bado wapo walimwua mwenye muhuri. Khalaf alikuwa wa tatu. Februari hiyo alikuwa anatimiza miaka miwili, na watu walimpongeza kana kwamba ni ujanja wake.

Kazi yenyewe ilikuwa ya kuchosha tu. Mtoto amezaliwa, muhuri. Mtu anataka unga wa serikali, muhuri. Familia imerudi kutoka kambi ya wakimbizi, mukhtari ashuhudie kwamba hawakuwa upande wa wale, kisha kama walikuwa, lawama ni zake. Mtu kafa, muhuri tena. Ukubwa ni jaa, na jaa la Tal Ghazal lilining'inia kifuani pa Khalaf, ndani ya kifuko alichokishona mkewe Wadha huku akinung'unika kila mshono. Hakuthubutu kukiacha nyumbani. Wakija kuutafuta muhuri, afadhali waukute kwake kuliko kwa Wadha.

Kwa hiyo miaka miwili hakulala kitandani pake. Leo kwa binamu, kesho ghala la shayiri, keshokutwa darini na bunduki ya marehemu baba yake. Usingizi alioukosa huko ulimdai mchana. Alisinzia matangani, alisinzia kwa kinyozi, mara moja alisinzia amesimama akiwa anapima shamba la watu, na watoto wakamwita Mukhtari wa Usingizi. Alikuwa na miaka hamsini na minne, na goti bovu. Ukimtazama ungempa sabini.

Jumapili jioni, wakila turnipi zilizochemshwa na asali ya tende, Wadha akaweka mkate chini.

"Baba Rakan, nimefunga magodoro."

"Magodoro yapi?"

"Yote. Na masufuria. Pikapu ya Jirjis inakuja Alhamisi asubuhi, tunakwenda kwa Shahla Mosul. Wewe njiani utashuka wilayani uwarudishie huo mpira wao."

"Nimrudishie nani, mwanamke? Hakuna anayeutaka."

"Uweke mezani. Meza ina miguu minne, itausimamia vizuri kuliko wewe."

Khalaf akacheka kidogo. Wadha hakucheka.

"Mwanangu nilimzika bila kuulizwa," akasema. "Mume nataka niulizwe."

Rakan alikuwa polisi. Daesh walipoingia mwaka ule wa kwanza walimkamata barabarani na kitambulisho chake kwenye soksi. Khalaf na Wadha walikuwa na watoto wawili tu, huyo na Shahla, lakini mtu akishaitwa baba wa fulani hawezi kuitwa vingine kwa sababu fulani amekufa. Akabaki Baba Rakan. Akamtazama mkewe, akaona jinsi nywele za pembeni zilivyokuwa nyeupe, akasema, "Alhamisi, basi." Alikuwa amechoka mno kubishana, na kwa kweli alitaka kwenda. Alitaka kulala Mosul katika chumba cha wajukuu, mlango umefungwa kwa ufunguo, mpaka adhuhuri.

Ilikuwa imebaki siku tatu.

Jumatatu wakaja watu. Ng'ambo ya mto kulikuwa na kambi ya wanajeshi wa kigeni, Wamarekani na wenzao, waliokuja wakati wa vita na ndege zao na vita vikaisha wao wakabaki. Huko Baghdad wabunge walikuwa wamepaza mikono kwamba wageni waondoke, wakaishusha, wakaenda kula. Nani kijijini anakubali na nani hakubali, hilo likaachiwa wenye mihuri. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, husema watu. Lakini huyu mgeni alikuwa na ndege, na hakuna aliyejua jembe lake ni la namna gani.

Waliokuja walikuwa watatu. Hatim wa ofisi ya wanamgambo, mwenye koti la ngozi na simu mbili. Shehe Muzhir, mkuu wa ukoo, aliyehamia Erbil wakati wa Daesh akasema atarudi mambo yakitulia, na kwa macho yake mambo yalikuwa hayajatulia bado. Na wa tatu, Dahham, mdogo wake Khalaf mwenyewe, anayekaa nyumba ya pili, aliyeingia nyuma yao akaketi bila kusema.

Dahham alikuwa hasemi kwa kawaida. Katika mwezi wa mwisho wa vita, paa la nyumba yake liliangukiwa na bomu, na binti zake wawili walikuwa chini ya paa hilo. Ndege ilikuwa ya nani hakuna aliyekuja kusema; wageni walikuwa wengi na anga ni moja. Tangu hapo halali chini ya paa. Masika, kiangazi, baridi ya Januari, hutandika godoro uani na kujifunika nailoni. Na amekuwa msahaulifu, hushika kipande cha mkate mpaka kikakauka mkononi. Kila siku Khalaf humkumbusha kama mtoto: kula mkate wako, funga viatu vyako, vaa koti lako.

Khalaf akawasha jiko, akapasha dele, akawamiminia kahawa chungu, finjani moja moja, kuanzia kwa shehe. Kisha akaketi mahali pake karibu na moto. Hatim akaanza hotuba juu ya heshima ya nchi. Ilikuwa hotuba nzuri, yenye maneno mengi marefu, na joto la jiko lilikuwa linampanda Khalaf miguuni. Akasinzia.

Alipozinduka hotuba ilikuwa imekwisha, na kitu cha kwanza alichokiona ni finjani ya Dahham imejaa, iko chini kwenye zulia.

"Kunywa kahawa yako, Dahham," akasema.

Hakuna mtu katika nchi ile asiyejua maneno hayo. Mwenye haja akiingia barazani kwako, hupokea finjani akaiweka chini mbele yake, haigusi. Wewe humwuliza, una haja gani? Ukisikia ukakataa, huondoka na kahawa imebaki. Ukimwambia kunywa kahawa yako, umekwisha mpa: binti aliyekuja kumposa, au msamaha wa damu ya nduguyo, chochote alichokuja nacho. Na maneno hayo hayarudi. Mwanamume aliyeyarudisha hana pa kuketi tena.

"Allah akuzidishie, Baba Rakan!" shehe akapiga paja. "Hata haja hujauliza! Hivi ndivyo walivyokuwa wazee wetu!"

Khalaf akatazama finjani, akamtazama nduguye, ndipo usingizi ukamtoka wote. Dahham hakuwa amesahau. Kwa mara ya kwanza tangu paa lilipoanguka, Dahham alikuwa ameomba kitu.

"Waondoke, kaka," Dahham akasema polepole. "Ule mlio wa ndege zao huko juu. Kama nyuki. Siku ukiwepo silali, siku usipokuwepo nausubiri. Mimi sijui siasa. Waondoke tu niusikie usiku mtupu."

Akaichukua finjani akainywa yote, akaitikisa kuonyesha ametosheka. Uso wake ulikuwa umelowa. Hatim alikuwa amekwisha toa karatasi mfukoni: sisi wa nyumba thelathini na nane za Tal Ghazal twataka majeshi ya kigeni yatoke. Khalaf akavuta kifuko, akatia muhuri.

"Umetia?" Wadha alimwuliza walipoondoka.

"Nilisinzia."

"Haya. Na nchi hii imeendeshwa hivyo hivyo siku zote."

Jumatano alasiri ikaja gari ya polisi wa mto. Akashuka Kapteni Sufyan, kijana mwembamba mwenye kikohozi, na kutoka mlango wa pili akashuka Shehe Muzhir.

"Shehe," Khalaf akasema, "si juzi tu ulikuwa hapa?"

"Juzi nilikuja na wale. Leo nimekuja na hawa. Shehe ni wa wote, Baba Rakan."

"Kweli. Hata mvua hunyea wote, ila mvua haibadilishi gari."

Sufyan akatabasamu kidogo, akavua viatu. Yeye na Rakan walianza kazi siku moja. Ndiye aliyekwenda peke yake, siku ambayo hakuna aliyethubutu, akaiokota maiti ya mwenzake kando ya barabara, akaileta ndani ya blanketi lake mwenyewe. Blanketi hilo Wadha alilifua na kumrudishia, naye alikataa kulipokea, likabaki humo nyumbani.

Akapewa finjani, akaiweka chini.

Mara hii Khalaf alikuwa macho kuliko alivyopata kuwa macho kwa mwaka mzima. Akauona mkono ukishuka, akausikia mlio mdogo wa udongo kugusa zulia. Akasema linalosemwa.

"Una haja gani, mwanangu?"

"Ami, wiki iliyopita watu watatu walikwenda kuchimba uyoga wa jangwani chini ya Qarachogh. Umesikia?"

"Nimetia muhuri wawili wao."

"Wa tatu tulimpata hai. Unajua kwa nini? Wale wageni walimwona kwa jicho lao la juu, wakatupigia simu. Mimi nina watu kumi na mmoja, ami. Gari moja, na hiyo breki zake ni dua. Siwapendi wale. Walipokuja mara ya kwanza nilikuwa mtoto, walimlaza baba yangu kifudifudi barabarani mbele yangu. Siwapendi hata kidogo. Ila Daesh kule mlimani wanahesabu siku za wageni kuondoka kuliko mimi ninavyohesabu. Wabaki mwaka mmoja. Kijiji kikisema, wilaya itasema."

Moshi wa kahawa ulikuwa unapungua juu ya finjani. Nyuma ya pazia Khalaf alijua Wadha amesimama, anasikiliza. Angeweza kusema, mwanangu, nimekwisha toa neno kwa ndugu yangu. Lilikuwa jibu la haki na Sufyan angelielewa. Lakini huyo ndiye aliyembeba Rakan. Na kesho ni Alhamisi. Kesho atakayeulizwa ni meza ya wilayani, si yeye. Hilo nalo lilimpitia, na baadaye alilionea haya kuliko yote.

"Kunywa kahawa yako, mwanangu."

Akatia muhuri. Nyumba zile zile thelathini na nane. Shehe Muzhir akasoma dua kwa sauti ile ile ya juzi.

Alhamisi pikapu ilifika mapema. Magodoro yakafungwa kwa kamba, masufuria yakaingizwa ndani ya pipa, Wadha akapanda akashuka mara tatu kuangalia kama amefunga bomba la gesi. Walikuwa hawajamaliza kamba ya mwisho vumbi lilipoonekana barabarani. Gari ya shehe, nyuma yake ya Hatim, nyuma kabisa ile ya polisi ikikokota. Karani wa wilaya alikuwa amezilaza karatasi mbili mezani, moja kando ya nyingine, akawapigia wote simu huku anacheka, kila mmoja aje achukue yake.

"Unatuchezea?" Hatim alianza kabla ya kuvua viatu.

"Karibuni ndani," Khalaf akasema.

"Unakifanya kijiji kizima kichekesho! Leo waondoke, kesho wabaki! Wewe una vichwa viwili?"

"Nina kimoja, nacho kinaniuma. Karibuni ndani."

Wakaingia. Baraza ilikuwa tupu, zulia moja tu limebaki pamoja na jiko na dele, maana vyombo vya wageni hufungwa mwisho. Dahham alikuwa amefika mbio kutoka makaburini, udongo kwenye magoti. Akaketi pembeni akamkazia kakaye macho. Sufyan hakumtazama kabisa.

"Ami umenitia aibu," Sufyan akasema akitazama zulia. "Ungenikatalia tu."

"Kaka," Dahham akasema. "Ulinipa."

"Niliwapa nyote."

"Basi futa moja!" Hatim akasema. "Andika kwa mkono wako kwamba moja ni ya makosa. Wageni wakienda, sisi tupo. Sisi ni wana wa nchi. Tutawalinda."

"Mtawalinda!" Sufyan akageuka. "Gari zenu zikisikia risasi hugeuza zenyewe. Ami, wale wakibaki mwaka mmoja tu, sisi tutawalinda ninyi."

"Jamani, kila upande una haki yake," shehe akasema. "Muhimu ni watu walindwe."

Khalaf alikuwa anapasha dele. Neno hilo alilifahamu. Serikali ya zamani ilikuja kuwalinda, na wageni walipoingia mara ya kwanza walikuja kuwalinda. Hata vijana wa Daesh, siku waliposimama kwenye uwanja wa shule na bendera yao, walisema kwa kipaza sauti kwamba wamekuja kuwalinda watu wa Tal Ghazal, na wiki ile ile walimchukua Rakan. Alikuwa amelindwa mpaka amebaki na goti moja zima. Hasira ilimpanda, kisha hata hasira ikachoka ikaketi.

Akawamiminia wote, mmoja mmoja, hata Hatim. Mgeni ni mgeni. Halafu, badala ya kurudi mahali pake penye moto, akavuka zulia akichechemea mpaka mlangoni, akaketi pale kwenye viatu, anapoketi mgeni mnyonge kuliko wote.



"Nani ananimiminia?" akauliza.

Hakuna aliyesogea. Hatim akamtazama shehe. Shehe akatazama dele kama nyoka. Pazia likafunguka. Wadha akaingia barazani mwa wanaume, mtandio umebanwa kwa safari, hakumsalimia mtu. Akashika dele kwa mkono wa kushoto kama inavyopasa, akamimina, akampa mumewe finjani kwa mkono wa kulia, kisha akabaki amesimama.

Khalaf akaiweka chini.

"Astaghfirullah!" shehe akainuka nusu. "Baba Rakan, mwenye nyumba haweki finjani nyumbani kwake! Haijapata kuonekana!"

"Mimi leo si mwenye nyumba, shehe. Magodoro yangu yako garini, umeyapita hapo nje."

Sufyan ndiye aliyesema, kwa sauti ya chini, kwa sababu lazima mtu aseme.

"Una haja gani, ami?"

Khalaf akafungua kifuko, akautoa muhuri akauweka kando ya finjani.

"Ndogo tu. Karatasi nitafuta mnayotaka, hata zote mbili. Lakini anayetaka muhuri huu useme neno lake, alale hapa. Simaanishi vijana wake. Yeye mwenyewe, na godoro lake. Kitanda kipo, sijakilalia miaka miwili, bado kizuri. Alale mpaka ngano ivunwe, maana mwaka jana Daesh waliichoma ikiwa imekauka na hakuna aliyekuwepo. Wageni wakiondoka, alale. Wageni wakibaki, alale. Na muhuri auvae yeye. Aliye tayari, aniambie ninywe."

Jiko likawa linaunguruma peke yake.

"Na hao wageni wenyewe?" Hatim akasema. "Mbona hao huwaulizi?"

"Hao hawajapata kuketi hapa. Walipita mara moja na gari la chuma, wakawapa watoto peremende, wakanipiga picha. Nawauliza waliokunywa kahawa yangu."

Hatim akatazama simu ya kwanza, kisha ya pili. "Mimi nina ofisi, Baba Rakan. Mosul. Siyo amri yangu. Nitaleta kikosi, wallahi, nitaandika barua..."

"Shehe?"

"Mimi presha," shehe akasema. "Daktari wangu yuko Erbil. Unajua hivyo."

Dahham akafungua kinywa.

"Wewe sikuulizi, ndugu yangu," Khalaf akamwahi. "Wewe unalala hapa. Na walio wako wanalala hapa."

Dahham akainamisha kichwa. Wakabaki wanamtazama Sufyan. Kijana alikuwa amekunja ngumi juu ya magoti, na kikohozi kilimshika akakiachia kimalizike.

"Amri ni kwamba jua likizama tufunge lango la daraja," akasema. "Asitoke mtu mpaka asubuhi. Nikitoka wananifukuza. Nina mama, ami, na wadogo wanne."

"Najua, mwanangu. Sikukasirikii."

"Ningependa kusema."

"Najua."

Kahawa ilikuwa imekwisha acha kutoa moshi. Hatim aliondoka kwanza, akachukua karatasi yake, maana karatasi ni karatasi. Shehe akamfuata akisema Mungu atafanya wepesi. Sufyan akapiga magoti mlangoni kwenye viatu, akambusu Khalaf begani, akaiacha karatasi yake chini bila kuitazama. Dahham akatoka akasimama uani. Kila mmoja aliruka ile finjani alipopita, kwa uangalifu, asiiangushe.

Huko nje Jirjis akapiga honi.

Wadha alikuwa bado na dele mkononi. Alitembea mpaka mahali pa mwenye nyumba, penye moto, akaketi pole pole huku mifupa ikilia. Miaka thelathini hajawahi kuketi hapo.

"Umewaaibisha," akasema.

"Nimejiaibisha."

"Hilo pia." Akafuta jasho la juu ya mdomo kwa ncha ya mtandio. "Ungeweza kuondoka. Gari iko tayari. Ungeutupa mezani tu kama nilivyokwambia."

"Nilitaka hivyo. Bado nataka."

"Basi simama twende."

Hakusimama. Alijaribu, kwa kweli, akaegemeza mkono ukutani, lakini mawazo yake yalikuwa kwa Dahham na nailoni yake uani, na kwa nani atakayekuja kupewa hongera baada yake. Goti likakataa. Akabaki kwenye viatu ambavyo sasa vilikuwa vyake tu.

"Ngano imefika wapi?" Wadha akauliza.

"Kiganja. Mvua imekuwa nzuri."

"Mpaka ivunwe ni Juni."

"Juni."

Honi ikalia tena, ndefu. Wadha akaitazama finjani, akautazama muhuri. Akakasirika, Khalaf alimwona akikasirika, midomo ikibana kama siku ile ya blanketi. Kisha akaona hasira ikimtoka na kilichobaki ni mwanamke aliyechoka kama yeye.

"Shahla atasema tumemdanganya," akasema. "Na mimi nitasema ndiyo. Lakini unalala hapa hapa, kitandani pako. Sitaki tena kuamka asubuhi niulize majirani mume wangu yuko ghala la nani. Wakija, waje nikiwepo. Umenisikia?"

"Nimekusikia."

"Kunywa kahawa yako, Khalaf."

Hakuwa amemwita kwa jina hilo tangu Rakan azaliwe. Khalaf akaiinua finjani akainywa mpaka kwenye machicha, baridi, chungu kuliko kawaida, akaitikisa. Akaurudisha muhuri kifuani. Walipotoka uani walimkuta Dahham amekwisha panda juu ya pikapu, anafungua kamba, na Jirjis anamwuliza kwa hasira ni nani aliyemtuma.